Bunduki Ndogo Mbele ya Mnyama Mkubwa

Hotuba kwa askari wa wanyamapori wa vijiji siku ya kufunga mafunzo yao

Ndugu Mkuu wa Mafunzo, ndugu wakufunzi, wazee mliokuja kuwasindikiza vijana wenu, na ninyi askari wa wanyamapori wa vijiji mnaohitimu leo: nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu. Niliachiwa nichague la kusema, na ningeweza kuzungumzia faida za uhifadhi, jambo ambalo mmelisikia kwa muda wote wa mafunzo na ambalo sasa mnalijua kuliko wengi. Nimeona afadhali nitumie muda huu kwa jambo moja tu, nalo ni bunduki mtakayokabidhiwa mkirudi nyumbani, na swali mtakalolazimika kulijibu siku ya kwanza mtakapogongewa mlango usiku na kuambiwa kwamba nyati yumo mashambani: je, bunduki hii inatosha?

Tunaposema bunduki ndogo hatuzungumzii urefu wala uzito wake. Tunazungumzia kipenyo cha tundu la mtutu, ambacho ndicho unene wa risasi inayopita humo. Zile namba mnazozisikia, .303, .375, .458, ni sehemu za inchi; .375 ni kama milimita 9.5, na .458 ni milimita 11.6. Bunduki nyingi zinazofika mikononi mwa askari wa vijiji ni za kijeshi, za milimita 7.62 au chini ya hapo, na zilibuniwa kwa ajili ya binadamu mwenye uzito wa kilo 70. Nyati dume ana uzito unaoweza kuzidi kilo 700, na tembo dume aliyekomaa hufika kilo 6,000.

Nilipoajiriwa nikiwa kijana, enzi ambazo watu wa vijijini bado walituita Bwana Nyama, niliwekwa chini ya mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi na wawindaji bingwa tangu kabla ya Uhuru. Jioni, tukiota moto, alipenda kutusimulia habari za Mskoti mmoja aliyeitwa Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000 kwa bunduki ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Mzee wetu hakuwa mwongo, na masimulizi yake yalikuwa ya kweli. Ila sisi vijana tuliyapokea kwa namna yetu. Tuliondoka pale tukiamini kwamba kinachoua ni mkono wala si bunduki, na kwamba anayeomba bunduki kubwa ni mtu asiyejua kulenga.

Imani hiyo niliibeba hadi bonde la Kilombero, miaka ya mwisho ya 1980, masika yakielekea kukatika. Nyati dume mmoja mzee, wa wale wanaojitenga na kundi, alikuwa ameingia katika mashamba ya mpunga ya kijiji kimoja usiku wa tatu mfululizo, na wanakijiji walikuja kutuita. Bunduki kubwa ya kituo, ya .458, ilikuwa safarini na mwenzetu mwingine. Nilikuwa na bunduki ya kijeshi ya 7.62, na shabaha yangu wakati huo ilisifiwa. Ningeweza kusubiri. Hakuna aliyenilazimisha kwenda, na nataka mlijue hilo.

Nilimpata alfajiri, kando ya mfereji, umbali wa hatua kama 50. Nikalenga nyuma ya bega. Nilipofyatua alikuwa ameanza kugeuka kidogo, kiasi ambacho jicho langu halikukitambua. Alijikunyata, akainua kichwa kunitazama, kisha akaingia kwenye matete bila hata kukimbia sana. Tulifuata nyayo zake mchana kutwa. Damu ilikuwa matone machache tu juu ya majani, mekundu meusi, kila hatua 20 au 30 tone moja, na kufikia saa tisa hata hayo hatukuyaona tena. Jua lilipokuchwa niliwaambia watu wa kijiji kwamba nyati yule amepigwa vizuri na kwamba asubuhi tutamkuta amekufa. Hilo ndilo kosa lililonigharimu usingizi kwa miaka mingi kuliko risasi yenyewe, kwa sababu wao waliniamini.

Kesho yake mzee mmoja alikwenda mtoni kuangalia migono yake ya samaki. Asingekwenda kama nisingesema yale niliyoyasema. Nyati alikuwa amelala kwenye matete karibu na njia ileile, akimsikiliza. Alimpiga pembe pajani, akamrusha, akamrudia tena pale chini, na kilichomwokoa ni kwamba alibiringika hadi kwenye mfereji, pembe zikawa zinachimba ukingo badala ya mwili wake. Aliishi, lakini mguu ule haukunyooka tena, na hakulima mpunga tena. Kila nilipopita kijijini alinikaribisha chai na kuniita mwanangu, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angenifukuza.

Siku ya tatu yule mwenzetu alirudi na .458, na nyati akauawa kwa risasi mbili. Tulipomchuna nilitaka niione risasi yangu. Tuliikuta kwenye nyama ya bega, imezungukwa na usaha. Ilikuwa imepiga mfupa wa bega, ikapasuka gamba lake la shaba, ikakunjamana kama kizibo cha soda kilichokanyagwa na gari. Niliweka mkono kupima: kutoka kwenye ngozi hadi ilipokwama hapakufika urefu wa kiganja changu. Mapafu niliyokuwa nimeyalenga yalikuwa mazima kabisa.

Ndipo nilipoanza kutafuta habari za yule Bell kwa makini, ili nijue alifanya nini ambacho mimi sikukifanya, na nimeendelea kuzitafuta hadi leo. Naomba niwasimulie kwa kirefu kidogo, kwa kuwa jina lake bado linazunguka katika kambi za uwindaji, na kila mwenye bunduki ndogo hulitumia kama kibali.

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1880. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, akipitia Mumias, ambao wakati huo ulikuwa mji wa misafara, wenye wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani. Waswahili hao walikuwa wamemtangulia Karamoja kutafuta pembe, wakiwa na magobori yao, na Bell aliajiri watu wa misafara kutoka miongoni mwao. Katika maisha yake aliwinda pia eneo la Lado, kando ya mto Nile, na Kongo ya Wafaransa. Bunduki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mauser ya milimita 7, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby, na kwa bunduki hiyo aliua sehemu kubwa ya tembo wake. Alitumia pia .303, .318 na Mannlicher ya milimita 6.5. Siimwagii sifa idadi ile ya wanyama. Ilikuwa biashara ya pembe ya zama zile, na hasara yake tunaijua sisi tuliobaki. Ninachotaka mkione ni ufundi wake, kwa sababu ndani ya ufundi huo ndimo mna sababu zinazotukataza tusimwige.

Kwanza, Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno, akalipasua kati kwa kati, ili aone ubongo umekaa wapi. Kichwa cha tembo ni kikubwa kama pipa, lakini sehemu yake kubwa ni mfupa wenye vishimo kama sega la nyuki, na ubongo, wenye uzito wa kilo 5 hivi, umejificha chini na nyuma, kati ya matundu ya masikio. Mtu anayepiga katikati ya paji la uso kwa kuwa ndipo anapopaona huweza kulitoboa lile sega na tembo asianguke. Bell alijifunza njia ya kuufikia ubongo akiwa ubavuni, akiwa mbele, na hata akiwa nyuma kwa kimshazari, na hiyo ya mwisho hadi leo wawindaji huiita kwa jina lake. Alijizoeza kulenga kila siku, kwa bunduki isiyo na risasi, akiuelekeza mtutu kwa chochote kilichopita. Na alitembea. Alikadiria kwamba kwa kila tembo dume aliyemwangusha alikuwa ametembea wastani wa maili 73, yaani kilomita 117, na kwa mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Mtu wa namna hiyo halazimiki kupiga kila mnyama anayemwona. Anaweza kumwacha huyu kwa kuwa amekaa vibaya, akamfuata yule.

La pili ni risasi yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, maana wengi hupaacha hapa. Kinachoifanya risasi ipenye si kasi peke yake. Ni uzito wake ukilinganishwa na unene wake, pamoja na ugumu wa gamba lake. Mnalijua hili kwa mkuki: mkuki mrefu na mzito wenye ncha nyembamba huzama, lakini kokoto iliyorushwa kwa kombeo, hata iende kasi namna gani, huishia juu ya ngozi. Risasi ya Bell ilikuwa ndefu, yenye pua ya mviringo, imefunikwa gamba gumu pande zote, na ilikuwa na uzito wa gramu 11.2. Ukiugawanya uzito huo kwa eneo la uso wake unapata gramu 27 kwa kila sentimita moja ya mraba. Chukua sasa risasi ya gramu 19.4 ya .375, ile iliyotolewa na kampuni ya bunduki ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, ukaifanyia hesabu hiyohiyo: unapata gramu 27 vilevile. Chukua na risasi ya AK, ile bunduki ya kijeshi ya 7.62, yenye gramu 7.9: unapata gramu 16 tu. Kwa hiyo Bell, katika suala la kupenya, hakuwa na bunduki ndogo kama tunavyodhani. Wembamba wa risasi yake uliwadanganya waliomsikia, nami nikiwa mmoja wao, wakadhani risasi yoyote nyembamba ni sawa na nyingine.

Hata hivyo kulingana katika kupenya si kulingana katika yote. Tundu la .375 lina eneo karibu mara moja na robo tatu ya lile la milimita 7, na nguvu inayotoka nayo mtutuni ni zaidi ya jouli 5,700, wakati ile ya Bell ilikuwa kama 2,700 na ile ya AK ni kama 2,000. Risasi ya Bell ikiupata ubongo, tembo huanguka hapohapo. Ikiukosa kwa upana wa vidole vinne, haina kitu cha ziada cha kumtikisa wala kumzuia, na kilichobaki ni tembo aliyeumizwa, aliyekwisha kujua ulipo.

Na la tatu, ambalo sijawahi kulisikia likisimuliwa motoni, ni mahali. Bell aliwinda katika nyika ambazo angeweza kumwona tembo toka mbali, kabla hawajawa na woga wa bunduki. Ninyi mtaitwa usiku, kwa tochi, kwenye mahindi yaliyokuzidi kimo, nyuma yako wamesimama watu 40 wenye madebe na mienge, na miongoni mwao mama yako.

Mwanzoni mwa mwaka 1911, katika nyanda za Ukambani upande wa Machakos, Mwingereza aliyeitwa George Grey, ndugu yake Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alikuwa akiwinda simba kwa farasi pamoja na wenzake. Alikuwa mtu mzoefu na mpigaji mzuri. Mkononi alikuwa na Ross ya .280, bunduki iliyokuwa mpya wakati ule na iliyosifiwa kwa kasi yake kubwa, inayorusha risasi nyepesi yenye kuvunjika inapogonga. Kwa paa na swala ilikuwa ajabu. Simba alipomjia mbio, Grey alimpiga akiwa mbali kidogo, akampiga tena akiwa karibu kabisa, na risasi zote mbili zilimfikia simba, lakini zilisambaratika juu juu bila kumsimamisha. Simba alimwangusha na kumtafuna, wenzake wakishindwa kupiga kwa kuhofia kumpata yeye, na alifariki Nairobi siku chache baadaye kwa majeraha yaliyooza.

Wekeni hadithi hizo mbili pamoja. Unene wa risasi ya Grey na ile ya Bell unakaribiana sana, na wote wawili waliwinda Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja alikuwa na risasi iliyojengwa kupenya, akampiga mnyama aliyetulia, kwa wakati aliouchagua mwenyewe. Mwingine alikuwa na risasi iliyojengwa kupasuka, akampiga mnyama aliyekuwa akimjia. Simba huweza kuvuka mita 40 kwa sekunde zisizozidi tatu, na katika sekunde hizo hakuna mtu anayechagua pa kulenga. Anapiga palipo mbele yake, na hapo ndipo bunduki kubwa inapokupa kile ambacho ndogo haina: inakusamehe kidogo.

Yupo pia Jim Corbett, mwindaji wa wanyama wala watu kule India, ambaye mwaka 1947 alihamia Kenya, akaja kuishi Nyeri, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1955. Chui wa Rudraprayag, ambaye kumbukumbu zinamhesabia watu 125, Corbett alimuua mwaka 1926 kwa .275 Rigby, bunduki sawa na ile ya Bell. Aliipenda kwa wepesi wake, kwa mtu anayetembea milimani usiku na mchana. Lakini Corbett huyohuyo alikuwa na bunduki yake ya mitutu miwili ya .450/400, na hiyo aliichukua alipokwenda kwa chui milia wengi. Hakuona aibu kubadilisha.

Na huko Canada, katika jimbo la Alberta, mwaka 1953, mwanamke wa Wakri, jamii ya wenyeji wa asili wa huko, aitwaye Bella Twin alimuua dubu mkubwa mno kwa bunduki ya .22, ambayo kwetu hutumika kwa kanga na sungura. Habari yake ni ya kweli, na watu huitaja sana. Wasichokitaja ni kwamba mama yule hakuwa amekwenda kuwinda dubu. Dubu alimjia hadi hatua chache, hakuwa na pa kukimbilia, akalenga kichwani kwa ubavu, na baada ya dubu kuanguka aliendelea kumpiga risasi nyingine kadhaa ili awe na hakika. Alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho, na ninamheshimu kwa hilo, lakini sidhani kama angetushauri tuondoke nyumbani kumtafuta dubu kwa silaha ile.

Najua kuna atakayesimama na kuniambia kwamba majangili wetu wamewaua tembo kwa AK. Ni kweli, na sisi tuliookota mafuvu tunajua walivyowaua. Mwaka 2009 nchi yetu, Tanzania, ilikuwa na tembo 109,051, na sensa ya mwaka 2014 ilikuta 43,330. Wengi wa waliokufa katikati ya hesabu hizo waliuawa kwa bunduki ndogo. Lakini jangili hatafuti kuua kwa risasi moja. Anamimina risasi 15 au 20 kwenye kundi, wanaoanguka anawakata pembe, na wengine wanakwenda na risasi tumboni wakafie wanakojua wenyewe baada ya wiki mbili. Nimekuta ndama amesimama kwa mama yake aliyekuwa bado anapumua, miguu ya nyuma haifanyi kazi, na nzi wameshajaa kwenye matundu saba ya ubavuni ambayo hakuna hata moja lililokuwa kubwa kuliko shilingi. Mtu anayeniletea mfano huo kama ushahidi kwamba bunduki ndogo inatosha namwomba atafute mfano mwingine.

Sasa niseme na upande wa pili kwa haki, kwa sababu bunduki kubwa nayo ina hatari yake, na Bell alikuwa sahihi alipoisema. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kuzikwa hukohuko, ndani ya pori lililobeba jina lake kwa miongo mingi, alianza uwindaji wake wa tembo kwa bunduki nzito za kushindilia kwa mdomo, zinazorusha goroli la robo ratili. Alikiri baadaye kwamba teke la bunduki zile liliharibu mishipa yake ya fahamu na kuathiri shabaha yake, na alipopata bunduki ndogo za kisasa alizikumbatia. Nimeliona hilo kwa vijana wengi: anapewa .458, anapiga mara moja, bega linavimba, na kuanzia siku hiyo hufumba macho kabla ya kufyatua. Risasi ya gramu 32 iliyopita pembeni ya sikio la nyati haina faida kuliko ya gramu 8 iliyopita hapohapo. Kwa hiyo anayewaambia kwamba ukubwa wa bunduki hufidia ulengaji mbaya naye anawapoteza. Ndiyo maana mimi naipendelea .375 kwa askari wengi: inapiga teke, lakini ni teke ambalo mtu mzima aliyefundishwa polepole hulizoea, na inatosha kwa kila mnyama wa bara hili ikiwa na risasi sahihi.

Kanuni za uwindaji za nchi yetu zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa nyati na tembo. Mara nyingi nimesikia watu wakiilalamikia namba hiyo kama urasimu, na wengine wakiuliza kwa nini mtu mwenye shabaha asiruhusiwe kutumia ndogo zaidi. Jibu langu ni kwamba sheria haiwezi kuandikwa kwa ajili ya Bell. Inaandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, amechoka, amelala kwa muda wa saa mbili tu, jasho limemwingia machoni, na mnyama amegeuka kidogo wakati kidole kimeshabonyeza. Yule alikuwa mimi, pale kwenye mfereji.

Kwa wazee na viongozi wa vijiji walioko hapa nina ombi, na nalisema kwa uzito wote. Msimtume kijana huyu kwa nyati akiwa na AK yenye risasi za vita, au na gobori, kwa sababu tu wananchi wana hasira na mwenyekiti anataka ionekane kwamba kuna kilichofanyika. Nawaelewa wananchi, mtu aliyelala kwenye dungu miezi mitatu kulinda mpunga akaamka ameachiwa tope ana haki ya kukasirika. Lakini mpeni kijana ruhusa ya kusema kwamba bunduki hii haitoshi, tusubiri gari la wilaya. Mpeni filimbi, mpeni tochi zenye mwanga mkali, baruti za kishindo, pilipili na oili chafu kwenye kamba za kuzungushia shamba, mpeni watu wa kupiga madebe. Bunduki yake ndogo inafaa kupiga hewani na kumfukuza mnyama, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa, na ninyi mnajua ni kiasi gani na huchukua muda gani kufika. Mzee wangu wa Kilombero hakuna fedha iliyoweza kumrudishia mguu.

Na ninyi wahitimu, ikitokea kwamba mnyama amejeruhiwa, iwe na wewe, na jangili au na mwindaji mwenye leseni, hapo hapana tena hiari. Sheria inamtaka aliyemjeruhi mnyama hatari amfuate na ammalize, na akishindwa, atoe taarifa. Andika saa, andika mahali, andika mnyama alielekea wapi. Subiri kwanza, nusu saa au zaidi, kwa kuwa mnyama anayefuatwa mapema husukumwa mbali, na anayeachwa hulala na kukakamaa. Mfuata nyayo aangalie chini, wewe uangalie mbele. Msiangalie wote chini. Nyati aliyeumia hupenda kuzunguka na kurudi kulala karibu na njia aliyopitia mwenyewe, upepo ukimletea harufu yako, kwa hiyo usiifuate njia kama mtu anayefuata barabara. Na kabla ya yote hayo, tuma mtu kijijini aseme wazi: mnyama yupo hai, ameumizwa, mtu asiende mtoni, asiende kuni, watoto wasipeleke ng'ombe upande ule. Sema hivyo hata kama moyo wako unakuambia kwamba ameshakufa. Sema hivyo hata kama utaonekana hujui kazi.

Simba nao wana habari yao, na sitakaa sana hapo. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika nchi yetu, wengi wao mikoa ya kusini na pwani. Simba mmoja wa Rufiji aliyehesabiwa watu wapatao 35 alipouawa mwaka 2004 alikutwa na jipu chini ya gego, na waliomchunguza waliona kwamba huenda maumivu yale yalimfanya atafute windo laini. Jino bovu hatuwezi kulizuia. Taya lililovunjwa na risasi ndogo tunaweza, na mtu atakayempiga simba kwa silaha isiyofaa asidhani habari imekwisha simba anapotoweka kwenye vichaka.

Nimeongea na wakufunzi wenu na wamekubali kunipa alasiri. Saa tisa tutakutana kwenye uwanja wa shabaha. Tumefunga mbao 12 za unene mmoja, moja nyuma ya nyingine, na mbele yake tumetundika mfupa wa bega la ng'ombe tulioupata machinjioni asubuhi hii, pamoja na nyama yake. Tutapiga risasi moja ya 7.62, halafu moja ya .375 yenye gamba gumu, kila moja na mfupa wake, kutoka hatua 50, umbali uleule niliosimama mimi. Kisha tutazifungua mbao moja moja, nanyi mtahesabu wenyewe kila risasi imeishia wapi. Njooni na madaftari yenu, na mwenye kisu kizuri aje nacho.